Siku ya Tatu ni ya Miguu

Mwezi wa kwanza hapa Kiryandongo ni mwezi wa vumbi. Mvua imekata, nyasi zimekauka, na kila boda inayopita barabara ya Bweyale inatuachia wingu letu la kupumua. Ndipo makoo yanapoanza kuuma. Mwaka huu nilikuwa kwenye foleni ya matibabu, nimekaa nyuma ya mama mmoja aliyempakata mtoto wa kama miaka saba. Mhudumu akamuuliza, "Umempa dawa gani nyumbani?" Mama akajibu haraka haraka, "Hakuna." Mimi niliyekuwa karibu nilisikia harufu ya kitunguu saumu na tangawizi mpaka kwenye sweta ya yule mtoto.

Sikumlaumu. Wengi wetu tumejifunza kwamba ukitaja dawa ya nyumbani unaweza kugombezwa mbele za watu kama mtoto wa shule. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza: hicho alichokificha kina historia ndefu kuliko kambi hii, kuliko mipaka tuliyoivuka, kuliko hata hospitali ya kwanza ya Uganda. Nikaona afadhali niiandike, jinsi nilivyoanza kuijua Namatala.

Mimi ni wa upande wa Kenya wa Mlima Elgon. Vita vya ardhi vilivyoanza kwetu mwaka 2006, vile vya kundi la SLDF, vilichoma nyumba nyingi. Kisha uchaguzi wa Desemba 2007 ukaongeza moto juu ya moto, na mwezi wa tatu 2008 jeshi likaingia na operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wakenya wengi waliokimbia walipitia Malaba, wakawekwa Mulanda huko Tororo, na mwaka huohuo wakaletwa hapa Kiryandongo. Sisi tulipitia Lwakhakha. Tulikuwa na ndugu Mbale, kwa hiyo tukajibanza Namatala kwanza. Kambini tulikuja baadaye, ndugu walipochoka na sisi tukaona haya.

Namatala ni mtaa wa chini wa mji wa Mbale, kando ya mto wenye jina hilohilo. Hapo utakuta Wagisu, Wateso, Wagwere, Wakaramoja walioteremka kutafuta kazi, na watu kama sisi waliofika na mfuko mmoja. Kuna moshi wa mapipa ya kupikia waragi, kuna vumbi la mashine za kusaga, na usiku watu saba wanalala chumba kimoja. Koo halikosi sababu ya kuuma. Mmoja akianza leo, kufikia Jumapili nyumba nzima inaongea kwa kunong'ona.

Tulipanga kwa bibi mmoja wa Kigisu. Sisi Wabukusu na Wagisu tunahesabu baba mmoja, Masaba, kwa hiyo sikutafuta jina la kumwita. Nilimwita Kukhu, kama ningemwita mama mzaa baba. Kukhu hakuwa mganga. Alikuwa anauza mchele sokoni. Lakini kila mtoto wa ua ule akiumwa koo alipelekwa kwake, na yeye alikuwa na msemo wake: "Siku ya kwanza chumvi, ya pili tangawizi, ya tatu miguu." Miguu maana yake nyanyuka, twende hospitali.

Nianze na chumvi kama yeye. Alichemsha maji, akayaacha yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu, akatia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe. Unasukutua, unageuza kichwa juu, unaguruguza kooni, unatema. Mara tatu au nne kwa siku. Maji ya chumvi yanavuta uvimbe kidogo na kuondoa ute uliogandamana, ndiyo maana unahisi nafuu. Mtoto mdogo asiyejua kutema hafanyiwi hivyo, atayameza.

Leo chumvi ni kitu cha shilingi chache dukani, tunasahau kwamba zamani watu walitembea siku nyingi kuitafuta. Kibiro, ukingoni mwa Ziwa Albert huko Hoima, wanawake wamekuwa wakichuja chumvi kutoka kwenye udongo wa chemchemi za moto kwa mamia ya miaka, na chumvi yao ililisha masoko ya Bunyoro, nchi hiihii tuliyopewa hifadhi. Kwetu mlimani, ndovu huingia kwenye pango la Kitum usiku na kuchimba mawe yenye chumvi kwa pembe zao, na wafugaji wa Elgon nao wamewapa ng'ombe wao chumvi ya mapangoni. Pale ambapo chumvi ya mwamba haikufika, wazee walichoma majani na maganda, wakachuja majivu. Ile ya majivu inafaa kulainisha mboga na maharagwe. Usiiguruguze, inachoma. Kukhu alikuwa mkali sana juu ya hilo.

Siku ya pili ilikuwa ya tangawizi. Aliiponda na maganda yake, akaichemsha muda mrefu, akakamua limau, na asali ikipatikana akaongeza kijiko. Wakati mwingine alitia majani ya mujaja, yale ya kunukia ambayo pwani wanayajua kama kivumbasi, au mchaichai uliokuwa umeota nyuma ya choo cha jirani. Nilimuuliza siku moja, "Kukhu, hii ni dawa ya Wagisu?" Akasema ndiyo, ya tangu zamani.

Kumbe si kweli kabisa, na hapo ndipo historia inapopendeza. Tangawizi asili yake ni Asia. Ilifika pwani yetu kwa majahazi ya pepo za kusi na kaskazi, pamoja na ndimu na viungo vingine. Waganda wanaiita ntangawuzi. Ukilisikiliza neno hilo vizuri unasikia Kiswahili ndani yake. Ni kama mzigo ambao bado una lebo ya mahali ulipotoka. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwenye ikulu ya Kabaka Suuna mwaka 1844. Upande wa kwetu walipiga kambi Mumias, kisha wakazunguka Mlima Elgon kutafuta pembe za ndovu. Mzungu Joseph Thomson alipofika kwenye mapango ya Elgon mwaka 1883, alikuwa amepita njia ambazo misafara ya Waswahili ilizijua tayari.

Tusiifanye hadithi iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Misafara ile ilileta viungo, nguo na lugha hii ninayoiandika, na ilipoondoka ilibeba pembe na wakati mwingine watu. Dawa nyingi tunazoziita za mababu zilikuja kwa njia ileile ambayo mababu walichukuliwa. Lakini zilikaa, zikapata majina ya hapa, na bibi wa Namatala akazifanya zake. Sisi wakimbizi tunapaswa kulielewa hilo haraka kuliko wengine. Kitu hakihitaji kuzaliwa mahali ndipo kiwe cha mahali.

Asali ndiyo haina mjadala. Watu wa Elgon wamening'iniza mizinga kwenye miti tangu hakuna anayekumbuka. Wamisri wa kale waliiandika kwenye makaratasi yao ya tiba zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Majirani zetu Waislamu wa Mbale walikuwa wanatukumbusha kwamba Kurani, katika sura ya Nyuki, inasema ndani ya kinywaji chake mna ponyo kwa watu. Na mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipoandika kuhusu kikohozi na mafua ya watoto, lilizitaja dawa laini za nyumbani, asali na limau zikiwemo, kuwa njia salama ya kupoza koo. Kwa hiyo mama wa kwenye foleni hakuwa na jambo la kuficha.

Ila kuna onyo moja ambalo mababu hawakulijua: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba kwenye kidole. Mwaka 1976 madaktari waligundua kwamba vijidudu fulani vinaweza kuota ndani ya tumbo la mtoto mchanga na kutoa sumu inayolegeza mwili, na asali ni moja ya vitu vinavyovibeba. Baada ya mwaka mmoja tumbo limeshakomaa.

Sasa nije kwenye siku ya tatu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Mbale ni mji wa ajabu kwenye habari za dawa. Mtu anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuteka upande huu wa mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1900. Baadaye akakosana nao. Mwaka 1914 ilipozuka dini ya Malaki, iliyofundisha kwamba Mungu ndiye mponyaji na kwamba dawa za hospitali na sindano za chanjo ni za kukataliwa, Kakungulu akajiunga nayo. Mwaka 1919 akaiacha na yeye, akaanzisha jumuiya ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao mpaka leo wana sinagogi lao kwenye kilima cha Nabugoye nje ya Mbale. Alifariki Novemba 1928.

Ni rahisi kuwacheka watu wa Malaki. Lakini tazama waliishi wakati gani. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000, wengi wao Busoga na Buganda. Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa amri watu wa pwani ya Ziwa Victoria, pamoja na upande wa Jinja, wakaacha mashamba, samaki na makaburi yao. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Sababu ilikuwa ya kweli, mbung'o waliua. Lakini mtu aliyeondolewa kwao na askari akiambiwa ni kwa faida yake, daktari akija tena na sindano atamtazama kwa jicho gani? Nyinyi ndugu zetu mnaofanya kazi na mashirika, mkiona mama anasema "Hakuna", kumbukeni kwamba kuficha huko hakukuanza na yeye.

Nilimuuliza Kukhu, "Kwa nini siku tatu? Kwa nini si mbili, si tano?" Alikuwa anapepeta mchele. Hakunijibu siku ile. Jioni nyingine, umeme umekatika, akaniambia mwenyewe.

Alikuwa na mjukuu wa kike, umri wa miaka kumi. Koo lilikuwa linamuuma mara kwa mara, na homa, bila kikohozi. Kukhu alimpa chumvi, tangawizi, limau, asali. Kila mara likatulia, na mtoto akarudi kucheza. Kisha goti likavimba. Likapona, kikavimba kiwiko. Watu wakasema ni kukua, wengine wakasema amerogwa. Baada ya mwaka na kitu msichana akawa hawezi kupanda kutoka mtoni na jeri ya maji bila kukaa chini mara tatu. Walipompeleka hospitali kubwa wakaambiwa milango ya moyo imeharibika, na kwamba ilianzia kooni. Alifariki kabla sisi hatujafika Mbale.

"Nilimpoza," Kukhu aliniambia. "Nilidhani nimemponya."

Sijapata kusikia mtu akiueleza ugonjwa huo vizuri zaidi. Makoo mengi yanayouma yanaletwa na virusi, na hayo yanapona yenyewe ndani ya wiki moja. Chumvi na asali vinakusindikiza tu mpaka ufike. Lakini mengine yanaletwa na bakteria aitwaye streptokoka. Huyo naye koo lake linaweza kutulia lenyewe, na hapo ndipo ulipo mtego. Kwa baadhi ya watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, mwili unaopigana na bakteria huyo unaanza kushambulia viungo na moyo wake wenyewe. Inaitwa homa ya baridi yabisi. Ikijirudia, inaacha kovu kwenye milango ya moyo. Inapenda mahali ambapo watu wengi wanalala chumba kimoja na kliniki iko mbali. Namatala ni hivyo. Hapa kwetu pia ni hivyo.

Duniani wanaougua moyo kwa sababu hii wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 40. Mjini Kampala watafiti walipowapima watoto wa shule zaidi ya 4,800 kwa mashine ya kutazama moyo, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yalionyesha dalili hizo kwa watoto 15 katika kila 1,000, na wengi wao hawakujua kitu.

Na dawa ipo. Ni penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwezi wa tisa 1928, miezi miwili tu kabla Kakungulu hajafa. Ni dawa ya zamani na si ya bei kubwa. Ikitolewa ndani ya siku tisa tangu koo kuanza kuuma, bado inaweza kuuzuia moyo usiguswe. Na kwa wale ambao moyo umeshaanza kuguswa, jibu lilitoka jirani hapa Gulu. Watoto 818 wenye dalili za mwanzo waligawanywa makundi mawili, moja likachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kwenye kundi la sindano moyo ulizidi kuharibika kwa watoto 3, kwenye kundi lingine kwa watoto 33. Watu wanaotuambia utafiti hufanywa Ulaya tu, waambieni hiyo.

Kwa hiyo msemo wa Kukhu si wa tangu zamani. Aliutunga mwenyewe, baada ya msiba, akauweka pamoja na chumvi na tangawizi kana kwamba ulikuwa hapo siku zote. Nadhani ndivyo dawa zote za nyumbani zilivyopatikana. Mtu aliona, akaumia, akakumbuka, akamwambia mwingine.

Kuna jambo moja ambalo Kukhu alilikataa tangu mwanzo, na hapa kambini nalikuta kwa mataifa mengi: kukata kimeo. Wengine wanakiita kilimi. Mtoto akikohoa sana au koo likivimba, anaitwa mzee mwenye wembe au kitu cha kukwangulia, anakikata kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Ni desturi ya zamani, kutoka Tanzania mpaka Ethiopia na Sudan, na wanaoifanya hawana nia mbaya. Lakini watoto wametoka damu mpaka wakafa, wengine wamepata pepopunda, na wembe wa kuazimana unabeba virusi vya UKIMWI. Kimeo kinavimba kwa sababu koo limevimba. Ni sawa na kumkamata jirani aliyekuja kuzima moto. Vilevile Namatala wapo waliosukutua kwa waragi, na hapa wapo wanaogawana vidonge vya amoksisilini vilivyobaki, viwili kwako, viwili kwangu. Waragi unachoma koo ambalo tayari ni kidonda. Dozi nusu inaweza kumwacha bakteria hai.

Basi niuandike msemo wa Kukhu upya, kwa ruhusa yake popote alipo, maana alifariki nami niko huku.

Siku ya kwanza chumvi, kwa anayejua kutema. Maji mengi ya kunywa, uji wa vuguvugu, na mtoto asikae karibu na moshi wa jiko. Siku ya pili tangawizi na limau, na asali kwa aliyepita mwaka mmoja. Siku ya tatu, ikiwa bado anaumwa, miguu. Lakini kuna watoto ambao hawasubiri siku ya tatu. Mwenye homa na koo jekundu bila mafua wala kikohozi, au mwenye mafindofindo yaliyovimba yakiwa na madoa meupe, apelekwe mapema, hata kama jana alionekana ana nafuu. Ambaye viungo vimevimba baada ya koo kuuma, apelekwe leo. Anayeshindwa kumeza hata mate, anayepumua kwa shida, au ambaye shingo imevimba kama ya ng'ombe, huyo abebwe sasa hivi, usiku au mchana. Inaweza kuwa dondakoo, na dondakoo haisubiri asubuhi. Hiyo ina chanjo, kwa hiyo kadi ya mtoto isikae kwenye paa ikinyeshewa.

Kwa wahudumu wetu na VHT, ombi langu ni dogo. Mnapouliza "Umempa dawa gani nyumbani?", ulizeni kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Mkisikia asali, msicheke. Mkisikia kimeo kimekatwa, msipige kelele kwanza, tazameni kama damu imekauka. Mama akiaibishwa leo, safari ijayo atakuja siku ya kumi.

Na kwetu sisi wa foleni, tusifiche. Wale walioleta tangawizi kutoka ng'ambo ya bahari, wanawake waliochuja chumvi ya Kibiro, na yule bibi wa mchele wa Namatala hawakufanya jambo la aibu. Siku nyingine tukiulizwa, tujibu tu kama ilivyo: chumvi, tangawizi, asali kijiko kimoja, na leo ni siku ya tatu.